Bili ya Hospitali ya Miaka Ile na Nyumba Unayotaka Kununua Marekani

Katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani kuna sauti mbili zinazozunguka, na kila moja ina wafuasi wake. Ya kwanza inasema madeni ya hospitali yamefutwa kwenye kredit, yaani kumbukumbu zako za mikopo, kwa hiyo bili ikija itupe jalalani. Ya pili inasema benki haitakupa mkopo wa nyumba mpaka ulipe kila senti ya hospitali, hata ya ule mwaka uliofika ukiwa hujui kuandika anwani yako mwenyewe. Wapo waliokaa miaka mitatu wakipanga nyumba kwa kuisikiliza sauti ya pili. Wapo pia waliogongewa mlango na karatasi za mahakama kwa kuisikiliza ya kwanza.

Zote mbili zina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hazifi.

Chanzo cha ile ya kwanza kinajulikana. Januari 2025, siku chache kabla ya Joe Biden kuondoka Ikulu, ofisi ya serikali inayolinda wateja wa huduma za fedha, CFPB, ilipitisha kanuni ya kuondoa madeni yote ya matibabu kwenye ripoti za mikopo. Ilikadiria kuwa dola bilioni 49 za watu wapatao milioni 15 zingetoka kwenye ripoti hizo. Habari ikaruka kama moto wa makuti. Ila kanuni yenyewe haikuwahi kuanza kutumika. Tarehe 11 Julai 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliibatilisha, akisema ofisi hiyo ilivuka mamlaka iliyopewa na sheria. Habari hii ya pili haikuruka. Ilitambaa, na kwenye simu nyingi haijafika hadi leo.

Na hata kama kanuni ile ingesimama, isingefuta deni la mtu yeyote. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo tuanzie hapo.

Daftari la Mangi

Aliyekulia uswahilini Dar es Salaam anamjua Mangi wa duka la kona na daftari lake la wanaokopa. Tuseme ulikopa unga na mafuta, hukulipa, ukahama mtaa. Deni lako sasa linaishi sehemu tatu. Kwanza lipo kwenye daftari la Mangi. Pili lipo midomoni mwa watu: mwenye duka wa mtaa mpya akiuliza kama wewe ni wa kukopeshwa, atapewa habari zako zote. Tatu, Mangi akichoka anaweza kukushitaki, na huko utakabidhiwa karatasi yenye muhuri.

Sehemu hizi tatu hazitembei pamoja. Watu wakiacha kukusema, daftari halijafutika. Muda wa Mangi kukushitaki ukiisha, bado anaweza kukukuta sokoni akakuuliza pesa yake mbele ya watu. Na ukimlipa, unaweza kukuta mtaa bado unakusema, kwa sababu hakuna aliyeupelekea taarifa.

Huko Marekani daftari liko kwa hospitali, au kwa kampuni ya kukusanya madeni iliyopewa au kuuziwa deni hilo, ambayo wengi tunaiita tu kolekshen. Midomo ya watu ni ripoti ya mikopo, inayotunzwa na kampuni tatu binafsi: Equifax, Experian na TransUnion. Kutokana na ripoti hiyo hukokotolewa alama, kuanzia 300 hadi 850, ambazo mkopeshaji huzitazama kabla hajakupa pesa. Na mahali pa kushitakiana ni mahakama ya jimbo unaloishi. Kanuni ya 2025 ilitaka kuifumba midomo tu. Daftari na mahakama haikuvigusa.

Msomaji kutoka Kenya ataifananisha ripoti hii na CRB, kampuni za huko zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na jina la TransUnion analijua tangu nyumbani. Mfano huo unafaa, mradi tukumbuke jambo moja: katika mazungumzo ya Nairobi, kuwekwa CRB ni kuingizwa kwenye orodha ya wabaya. Ripoti ya Marekani inaandika mazuri na mabaya pamoja, na mtu asiyeandikwa chochote humo naye ana shida, kwa kuwa mkopeshaji hana pa kumsomea.

Yaliyobadilika kweli

Kabla ya kanuni iliyoanguka, kampuni zile tatu zilikuwa zimeshajibadilishia taratibu zenyewe, na mabadiliko hayo hayakuguswa na uamuzi wa Texas. Kuanzia Julai 2022, deni la matibabu lililopelekwa kolekshen likilipwa huondolewa kabisa kwenye ripoti. Wakati huohuo waliongeza muda wa kusubiri: deni ambalo halijalipwa halionekani kwenye ripoti mpaka upite mwaka mzima, badala ya miezi sita ya zamani. Kisha, Aprili 2023, wakaondoa madeni yote ya matibabu ambayo kiasi chake cha mwanzo kilikuwa chini ya dola 500.

Hapo kwenye dola 500 pana mtego. Kinachoangaliwa ni kiasi kilichoripotiwa mwanzo, si kilichobaki. Bili iliyoanza na dola 700 ukaipunguza hadi 450 bado ina haki ya kukaa kwenye ripoti. Kwa upande mwingine, kila deni huhesabiwa peke yake. Safari moja ya idara ya dharura huzaa bili za hospitali, za daktari ambaye si mwajiriwa wa hospitali, za maabara na za ambulensi, kila moja na bahasha yake na jina ambalo hujawahi kulisikia. Bili tatu za dola 400 zinakuuma mfukoni kama bili moja ya 1,200, lakini kwenye ripoti hakuna hata moja inayotakiwa kuonekana.

Mtego wa pili ni kadi. Ukiilipa bili ya hospitali kwa kadi ya mkopo, hata ile inayotangazwa ukutani kwa daktari wa meno kuwa ni ya matibabu, hospitali imeshalipwa na sasa unadaiwa na benki ya kadi. Deni limevua koti la matibabu. Ukichelewa, hakuna mwaka wa kusubiri wala mpaka wa dola 500. Ofisi nyingi za hospitali hukupa mpango wa kulipa kidogo kidogo bila riba ukiuomba, na huo ni bora mara kumi kuliko kadi.

Baadhi ya majimbo yamekwenda mbali zaidi. Colorado, New York, Minnesota, California na Illinois ni miongoni mwa yaliyotunga sheria za kuzuia madeni ya matibabu yasiandikwe kwenye ripoti. Nayo CFPB, chini ya uongozi mpya, ilitoa tafsiri Oktoba 2025 ikisema sheria ya taifa ndiyo inayotawala maudhui ya ripoti hizo, wala si ya majimbo. Mafahali hao wawili waache wapigane. Wewe nyasi, usipange bei ya nyumba kwa kutegemea sheria ya jimbo peke yake. Angalia ripoti yako inasema nini hasa.

Saa mbili ukutani

Swali linaloulizwa kuliko yote ni la miaka saba. Ni kweli kwamba sheria ya taifa ya 1970 inaweka ukomo: deni lililoenda kolekshen hutoka kwenye ripoti baada ya kama miaka saba, ikihesabiwa tangu uliposhindwa kulilipa kwa mara ya kwanza. Deni likiuzwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kisha nyingine tena, saa hiyo hairudi nyuma. Bili ya Machi 2018 ambayo leo inaonekana kwenye ripoti na tarehe mpya imechezewa, na unayo haki ya kuipinga.

Lakini ukutani kuna saa ya pili, ya mahakama, na hii kila jimbo lina yake. New York inatoa miaka mitatu kwa deni la matibabu, Texas minne, na majimbo mengi hayapiti sita. Muda huo ukipita, mkusanya madeni haruhusiwi kukushitaki wala kukutishia kesi. Kanuni ya taifa inayosema hivyo waziwazi ilianza Novemba 2021. Kukupigia simu na kukuomba pesa, hata hivyo, bado anaruhusiwa kwenye majimbo mengi.

Na hapa ndipo penye ujanja. Katika majimbo mengi, ukilipa hata kiasi kidogo cha deni lililokufa kimahakama, au ukaandika kwamba unalitambua, saa ya mahakama inaweza kuanza upya. Anakupigia mtu mpole, anakuita kwa jina la kwanza, anasema tuma tu dola 20 uonyeshe nia njema. Mswahili aliyelelewa vizuri anaona aibu kukataa. Hizo dola 20 zinaweza kuwa ndizo zinazomrudishia njia ya mahakamani. Saa ya ripoti haianzi upya, lakini ya kesi imeanza.

Kwa hiyo kwa deni lililozidi miaka saba, ambalo halimo kwenye ripoti na wala hakuna kesi, kulikimbilia wiki chache kabla ya kununua nyumba hakukuongezei kitu kwenye mkopo. Kama dhamiri yako, au dini yako, inakutaka ulilipe, na mimi sitakuzuia, lilipe lote kwa mara moja na upate risiti. Au lisubiri mpaka uwe na funguo mkononi.

Kwa nini simu inasema 720 na benki inasema 665

Hili limewavunja moyo watu wengi mezani kwa afisa mikopo. Programu ya bure kwenye simu imekuonyesha alama nzuri, umevaa shati la Jumapili, halafu unaambiwa alama zako ni nyingine.

Sababu ni kwamba alama si namba moja. Kuna watengenezaji wawili wakubwa, FICO na VantageScore, na kila mmoja ana matoleo yake. Programu kama Credit Karma inaonyesha VantageScore, ambayo tangu 2023 haihesabu kabisa madeni ya matibabu yaliyoko kolekshen. Wakopeshaji wa nyumba, kwa miaka mingi, wametumia matoleo ya zamani ya FICO, ambayo deni la hospitali huliangalia kwa jicho kali lilelile la deni la simu au la kadi. Huchukua alama kutoka kampuni zote tatu na kushika ile ya katikati. Julai 2025 mamlaka inayosimamia Fannie Mae na Freddie Mac, zile taasisi kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, ilitangaza kwamba VantageScore 4.0 nayo itakubalika. Mabadiliko ya namna hiyo hayashuki kwa wakopeshaji wote kwa siku moja. Muulize afisa mikopo swali fupi: mnatumia alama zipi?

Tofauti ya alama ni tofauti ya pesa. Chukua mkopo wa dola 250,000 wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 6.5 unalipa kama dola 1,580 kwa mwezi, bila bima na kodi ya mali inayolipwa serikalini. Kwa asilimia 7 unalipa kama 1,663. Ni dola 83 tu kwa mwezi, ambazo kwa miaka 30 zinakaribia 30,000. Bili ya dola 740 iliyosahaulika, ikikusukuma upande mbaya wa mstari, imekugharimu bei ya gari zuri.

Ama ile sauti ya pili, inayosema lazima ulipe kila kitu, nayo tuipime. Mikopo ya FHA, ile inayodhaminiwa na serikali, inayopendwa na wanunuzi wa mara ya kwanza kwa sababu kianzio chake, yaani pesa unayotanguliza, ni asilimia 3.5 kwa mwenye alama 580 na kuendelea, ina utaratibu wa kuhesabu madeni yaliyoko kolekshen yakifika jumla ya dola 2,000. Madeni ya matibabu hayamo katika hesabu hiyo. Fannie Mae nayo, kwa nyumba ya familia moja unayokwenda kuishi mwenyewe, haikulazimishi kumaliza madeni ya kolekshen, yawe kiasi gani. Benki husika inaweza kuongeza masharti yake juu ya hayo, na nyingine huongeza. Lakini mwenye kukuambia kwamba ni sheria ya Marekani nzima amekudanganya, au amedanganywa.

Kwa maneno mengine, bili ya zamani huumiza kwa kushusha alama. Mara chache sana hufunga mlango wenyewe.

Isipokuwa ikishageuka hukumu.

Karatasi ya mahakama

Hukumu ni mnyama mwingine. Mtu akikushitaki kwa deni na usijibu, anashinda bila kubishana na mtu. Tangu 2017 hukumu za madai hazionekani kwenye ripoti za kampuni tatu, na hapo ndipo watu hulala usingizi. Ila kabla ya nyumba kuuzwa, rekodi za umma hupekuliwa, na hukumu hutokea huko. FHA inataka iwe imelipwa, au uwe na makubaliano ya kuilipa na uwe umeshalipa miezi mitatu kwa wakati. Katika majimbo mengi mwenye hukumu anaweza pia kuishikilia nyumba yako yenyewe kama dhamana ya pesa zake.

Bahasha ikitoka mahakamani, ifungue siku hiyohiyo, hata kama Kiingereza chake kinakuchosha. Mtafute anayejua kusoma, nenda ofisi ya msaada wa sheria ya bure, jibu ndani ya siku zilizoandikwa. Kesi ya mkusanya madeni inaweza kushindwa au kupunguzwa mdaiwa anapojitokeza, kwa sababu aliyenunua deni mara nyingi hana nyaraka zaidi ya mstari mmoja kwenye jedwali la kompyuta.

Anza na ripoti, kisha hospitali, kolekshen baadaye

Miezi sita au zaidi kabla ya kutafuta nyumba, chukua ripoti zote tatu kwenye AnnualCreditReport.com. Ni bure, na sasa unaweza kuzichukua kila wiki. Hapana, kujiangalia mwenyewe hakushushi alama. Kinachoweza kuzishusha kidogo ni mkopeshaji anapokuangalia baada ya wewe kuomba mkopo. Soma ripoti zote tatu, maana kosa lililoko moja huenda halipo kwenye nyingine.

Kila ukikuta deni la matibabu, lipitishe kwenye chujio: lilishalipwa? lilianza chini ya dola 500? halijafikisha mwaka? limepita miaka saba? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, halitakiwi kuwepo. Andika pingamizi kwa kampuni husika, ambatanisha ushahidi, na kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kukujibu. Fanya hivyo mapema, maana pingamizi lililo wazi katikati ya maombi ya mkopo linaweza kuyachelewesha.

Kuna chujio jingine ambalo makala za Wamarekani hazilitaji, kwa sababu haliwahusu. Wengi wetu waliopitia kambini, iwe Nyarugusu au Kakuma, waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwa kuwa hapakuwa na cheti. Ongeza majina yanayofanana, Amani na Furaha na Juma wa kila mtaa, yaliyogeuzwa la mwisho likawa la kwanza, na kaka watatu wanaokaa kwenye fleti moja. Mafaili ya watu wawili wenye majina na tarehe zinazokaribiana yanaweza kuunganishwa yakawa moja, na bili ya mwingine ikakuangukia. Tazama kwa makini sehemu ya juu ya ripoti: majina yote uliyoandikiwa, anwani zote, namba ya Social Security. Ukiona anwani ya mji ambao hujawahi kukanyaga, hapo ndipo pa kuanzia.

Deni likiwa la kwako kweli na lipo kihalali, usimpigie kwanza mkusanya madeni. Piga hospitali, idara ya malipo, uombe bili yenye mchanganuo wa kila huduma. Uliza kama bima ilipelekewa dai, na majibu yalikuwa nini. Kama siku ile ulikuwa na Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hospitali au daktari aliyeipokea Medicaid haruhusiwi kukudai wewe kwa huduma inayolipiwa na mpango huo, zaidi ya mchango mdogo uliowekwa. Jina lililokosewa herufi moja kwenye fomu linatosha dai kukataliwa na bili kugeuzwa kwako. Na kama ni matibabu ya dharura baada ya 1 Januari 2022, ukiwa na bima, sheria inakukinga usitozwe bei ya ziada eti kwa kuwa daktari wa zamu hakuwa miongoni mwa madaktari wenye mkataba na bima yako. Ambulensi ya barabarani, kwa bahati mbaya, imeachwa nje ya kinga hiyo, na ndiyo maana bili zake zinajirudia sana kwenye hadithi hizi.

Halafu uliza kuhusu msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, zinalazimishwa na sheria ya kodi kuwa na sera ya maandishi ya kuwapunguzia au kuwasamehe wenye kipato kidogo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba, na haziruhusiwi kukupeleka kwenye ripoti ya mikopo katika siku 120 za mwanzo. Muda ukiwa umepita, sheria haizilazimishi, lakini baadhi hupokea maombi na hata kulirudisha deni kutoka kolekshen. Kuomba hakutozwi. Na sera hiyo inatakiwa itafsiriwe kwa lugha ya kundi lolote la wasiojua Kiingereza vizuri linalofikia watu 1,000 au asilimia 5 ya wanaohudumiwa, kiasi kipi ni kidogo. Kwenye miji yenye Wakongomani wengi, Kiswahili kinaweza kuwa tayari kipo kwenye tovuti yao. Uliza. Mkalimani naye usimlipie, na mtoto wa darasa la nne asifanywe mkalimani wa bili.

Ukifika kwa kolekshen, mazungumzo yawe ya karatasi. Wakikutumia taarifa ya kwanza ya deni una siku 30 za kuandika kwamba unataka uthibitisho, na hadi watakapouleta wanatakiwa kusimamisha madai. Wakithibitisha na umekubali kulipa, kumbuka deni hilo huenda walilinunua kwa bei ya karanga. Undue Medical Debt, shirika lililoanzishwa 2014 na watu wawili waliotoka kwenye kazi hiyohiyo ya kukusanya madeni, linasema dola moja ya mchango hufuta kwa wastani dola 100 za deni la matibabu. Kwa hiyo usione haya kusema nina nusu, naitoa leo. Pata maandishi kabla ya kutoa pesa: kiasi, kwamba deni limekwisha, na kwamba watazijulisha kampuni za ripoti. Usiwape ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yako ya benki. Kiasi walichokusamehe kikifika dola 600, unaweza kuletewa fomu ya kodi 1099-C, kwa hiyo mwambie anayekuandalia kodi.

Hapa deni la hospitali linatofautiana na deni jingine. Watu husema usilipe kolekshen ya zamani kwa sababu hailetei alama chochote. Kwa deni la kadi, mara nyingi ni kweli: linabaki kwenye ripoti likiwa na neno limelipwa. La matibabu likilipwa linaondoka lote. Kama lina miaka miwili na ndilo doa pekee, kulilipa kunaweza kuwa pesa bora utakayoitumia kabla ya kianzio.

Kuhusu wanaojitangaza kusafisha kredit kwa dola 800, sina maneno mengi. Sheria ya 1996 inakataza kampuni za aina hiyo kupokea malipo kabla ya kufanya kazi, na hakuna anayeweza kuondoa kihalali taarifa ambayo ni sahihi na bado iko ndani ya muda. Pingamizi unaloweza kuandika mwenyewe kwa gharama ya stempu ndilo hilohilo wanaloandika wao. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, watakusaidia, mara nyingi bila malipo.

Mwisho ni suala la ratiba. Deni likishaondolewa, kampuni za ripoti zinaweza kuchukua wiki kadhaa kulionyesha hilo, na muuzaji wa nyumba hasubiri. Mwambie afisa mikopo aombe alama zako zikokotolewe upya kwa haraka, kitu ambacho mkopeshaji anaweza kukiomba na wewe mwenyewe huwezi. Mpe barua ya kolekshen inayoonyesha salio ni sifuri, na majibu huja ndani ya siku chache. Kuanzia hapo mpaka siku ya kusaini, benki inaweza kuichungulia ripoti yako tena. Bili mpya ya hospitali ikiingia katikati, ya mtoto aliyevunjika mkono wiki moja kabla ya funguo, iache ikae kama bili ya hospitali. Ina mwaka mzima kabla haijaonekana popote. Ikiwekwa kwenye kadi, inaweza kuonekana mwezi huohuo.